Kikombe cha Mama Kina Gramu Ngapi

Mikate saba ilikuwa mezani, na hakuna hata mmoja uliofanana na mwenzake.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, ndani ya banda la kigango chetu hapa Kasulo. Kinamama saba wa jumuiya, mimi nikiwamo, tulikuwa tumeoka mkate wa ndizi wa majaribio, kila mmoja nyumbani kwake, kwa maelekezo yale yale niliyoyaandika kwa mkono wangu na kuyatolea nakala. Jumapili iliyofuata watoto wa kigango wangepokea Komunyo ya Kwanza, nasi tulikuwa tumejitolea kumwokea kila mtoto mkate wake mdogo wa mviringo, wa kula na chai baada ya misa. Wazo lilikuwa langu. Mkate ulikuwa wa mama yangu mzazi, ambao nimeula tangu sijaota meno ya pili. Kwa hiyo na aibu ilikuwa yangu.

Mmoja ulikuwa umebonyea katikati kama godoro la zamani. Mwingine ulikuwa umeiva nje, lakini ulipokatwa, ndani ulitoka uji. Wangu ulikuwa umeumuka vizuri, ila ulikuwa umenata, na haukuwa mkate wa mama. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima wa rika la mama yangu, aliuchukua wa kwake, akauweka sikioni kwangu na kuugonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko.

"Unasikia?" akaniuliza. "Unabisha hodi."

Tulicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kisha kicheko kikaisha, akaniangalia.

"Watoto mia na arobaini, mwanangu. Tutawapa mawe?"

"Mama, mlipima kama nilivyoandika?"

"Vikombe vinne vya unga," wakajibu kwa pamoja, kama wanafunzi.

"Vikombe gani?"

Kila mmoja akataja chake. Mmoja alikuwa ametumia kikombe cha plastiki cha watoto. Mwingine kile kikubwa cha mumewe cha chai. Mwingine, anayeuza karanga sokoni, alitumia kikopo chake cha kupimia karanga, na alikijaza kilima, kwa sababu mteja asipoona kilima haridhiki. Mwenyekiti alitumia glasi.

"Uliandika kikombe," akasema. "Hukuandika kikombe cha nani."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo kichwani. Mimi ni muuguzi wa zahanati. Kila wiki ninapima watoto kliniki, na kila wiki mama mmoja ananiambia mtoto wake amenenepa, tazama mashavu, halafu mizani inasema mtoto hajaongezeka hata kidogo. Mashavu yanadanganya. Sijawahi kumwandikia mtoto kwenye kadi yake kwamba ana ukubwa wa vikombe kumi na viwili. Sasa kwa nini unga niliuandika hivyo? Nilikuwa nakuna nazi jikoni wazo liliponijia, nikaacha mbuzi hapo hapo na nazi yake, nikaenda kumwambia mume wangu aliyekuwa anachambua maharage uani.

"Nataka mizani ndogo. Ya gramu."

"Ya dhahabu?"

"Ya ngano."

Akanitazama, akatazama maharage yake, akasema kesho ana safari ya Ngara mjini. Alirudi nayo jioni imefungwa kwenye gazeti. Duka zima la vyombo lilikuwa na moja tu, alisema, imekaa juu ya rafu na vumbi lake, na mwenye duka alifurahi kuiona inaondoka. Ilikuwa bapa kama sahani, na kioo kidogo cha namba. Niliiweka mezani nikapandisha kijiko juu yake. Gramu kumi na tisa. Nikaongeza kijiko. Thelathini na nane. Mume wangu naye akavua saa yake akaiweka. Tulipima vitu mpaka ugali ukapoa.

Lakini mizani peke yake isingenisaidia. Maelekezo yote yalikuwa ya vikombe, na kikombe chenyewe, kile cha bati chenye ua jekundu ubavuni, kilikuwa Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo, mikononi mwa mama. Niliomba ruhusa ya siku tatu kazini. Jumanne asubuhi nikapanda gari, nikabadilisha Lusahunga, nikamalizia kwa pikipiki, mizani nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Mama alikuwa anaanua muhogo. Aliponiona siku ya kazi, bila taarifa, akaweka ungo chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Nimekuja kupima kikombe chako."

Ilinibidi nieleze mara mbili. Alipoelewa kwamba watu wazima wa Kasulo wameoka mkate wake ukawa jiwe, alikasirika kidogo, kisha akanionea huruma, kisha akaingia ndani na kurudi na kikombe. Ua jekundu lilikuwa limebaki nusu. Niliweka bakuli kwenye mizani, namba ikapanda, nikabonyeza kitufe, ikarudi sifuri.

"Imeharibika," mama akasema.

"Hapana. Imelisahau bakuli. Sasa itahesabu kitakachoingia tu."

Akainama, akalitoa bakuli, akalirudisha. Akabonyeza kitufe mwenyewe. Akaweka yai: hamsini na mbili. Akabonyeza, yai likasahauliwa. Akaweka yai la pili: arobaini na tisa.

"Kuku huyu mwekundu ananipunja," akasema, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumtoa kwenye mizani ile. Alipima kitunguu. Alipima rozari yake. Alipima funguo za nyumba akashangaa amekuwa akibeba mzigo wote ule shingoni.

Tulipoanza kazi yenyewe nilifungua daftari la hesabu, lile la miraba. Nilianza na maji: kikombe kimoja kilichojaa, gramu mia tatu kamili. Nikaandika. Mama akajaza mafuta ya alizeti katika kikombe hicho hicho: mia mbili sabini na sita.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mia mbili sabini na sita.

"Haiwezekani. Mafuta ni mazito. Tazama yanavyomwagika, taratibu. Maji yanakimbia."

"Lakini ukiyachanganya, mama, yapi yanakaa juu?"

Akafikiri. Kila siku ya maisha yake ameyaona mafuta yakielea juu ya mchuzi. Uso wake ukafunguka, akapiga makofi.

"Mepesi! Kumbe ni mepesi! Lete sukari."

Sukari ilikuwa mia mbili hamsini na tano. Unga wa ngano mia moja sabini na nane. Kikombe kimoja, uzito wa namna nne. Nilikuwa nimesoma mambo haya shuleni, kwenye vitabu vya sayansi, nikayajibia mtihani na kuyasahau. Sasa yalikuwa yanatokea mbele yangu kwenye meza ya mama, na moyo ulikuwa unanidunda kama nimepata barua ya ajira.

Kilichonitia wasiwasi kilikuwa unga. Unga si maji. Nilipouchota mwenyewe kwa kikombe kile, nilipata mia moja hamsini na moja. Nikachota tena, nikakitikisa, nikapata mia moja na tisini. Nikachota mara ya tatu, mia moja sitini na tatu. Nikamwambia mama kwamba huenda nimesafiri bure, kwa sababu kikombe hakisemi neno moja.

"Kikombe hakina kosa," akasema. "Toka hapo."

Akaketi kwenye kigoda, akaipa mizani mgongo ili asione namba. Alichota, akakigonga kikombe mara moja kwenye paja, akapitisha kiganja juu, akaninyooshea. Nikamimina: mia moja sabini na nane. Nikaandika. Akachota tena. Mia moja sabini na saba. Tena. Mia moja sabini na tisa. Sabini na nane. Sabini na nane. Nilianza kuzisoma kwa sauti, kisha kwa kupiga kelele, kama mtangazaji wa mpira. Jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kuna nini. Mara kumi mfululizo alichota, na mara kumi hakutoka nje ya gramu mbili.

"Mama! Unajua ulichofanya?"

"Nimechota unga."

"Mashine haiwezi!"

"Mashine haijaoka mikate miaka yote hii," akajibu, lakini niliona anavyozuia tabasamu. Akaomba nimsomee tena namba zote kumi, polepole, na nilipomaliza akaniambia nimsomee jirani.

Basi nikamwomba aoke mkate mzima, na kila kinachoingia kwenye beseni kipite kwanza juu ya mizani. Vikombe vinne vya unga, gramu mia saba na kumi na mbili. Sukari nusu kikombe. Mafuta theluthi ya kikombe. Hamira na chumvi kwa kijiko chake. Maziwa ya vuguvugu mpaka chini ya ua jekundu, mia mbili na kumi. Ndizi sita za kisukari zilizoiva mpaka zikapata madoa. Hapo nilipata jibu la mkate wa uji: ndizi za mama ni fupi, za shambani kwake, na sita zikishamenywa ni gramu mia tatu na arobaini tu. Mwenzetu wa Kasulo alikuwa amepondaponda sita za kwake, ndefu kama mkono wa mtoto. Sita zilikuwa sita, lakini hazikuwa sita hizi.

Mama akaanza kukanda. Niliinama kuandika. Nilipoinua macho, mkono wake wa kushoto ulikuwa unatoka kwenye mfuko wa unga, ukatupa konzi moja ya unga juu ya donge, ukarudi mfukoni, ukatupa ya pili, naye anaendelea kunieleza habari za harusi ya binti wa jirani.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Ipi?"

"Hiyo uliyotupia sasa hivi."

Akatazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Aa, hiyo si ya kuhesabu. Ni ya kukausha mikono."

"Huwa unaitupia kila siku?"

"Sasa utakandaje bila kukausha mikono?"

Nilitaka kucheka na kulia. Miaka yote niliyosimama kando yake nikijifunza, aliniambia vikombe vinne, nami niliandika vinne, na mkono wa kushoto haukuwahi kutajwa na mtu yeyote. Ndiyo maana mkate wangu ulikuwa unanata tangu niolewe! Nilimwomba achote tena konzi mbili zile zile, aziweke kwenye bakuli. Gramu tisini na nne. Nusu kikombe kizima kilikuwa kimefichwa kwenye mikono ya mama. Niliandika 94 katikati ya ukurasa, nikaizungushia duara mara tatu mpaka karatasi ikatoboka.

Mkate wa mama tuliuoka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, nao ulikuwa vile vile kama siku zote. Hilo halikuwa ajabu. Jaribio lilikuwa kesho yake asubuhi. Nilimwambia akae kwenye kigoda, asiguse chochote, asiseme chochote. Unga gramu mia nane na sita, nikaumwaga kwenye beseni bila kikombe. Ndizi, nikaongeza kipande baada ya kipande mpaka mia tatu na arobaini. Kila kitu kwa namba za daftari. Mama aliteseka. Mara mbili aliinuka nusu, mara mbili nikamnyooshea kidole akaketi. Mwishowe alikaa juu ya mikono yake mwenyewe.

Nilipofunua sufuria, mvuke ulitoka na harufu ile ya ndizi iliyoungua pembeni kidogo. Mkate ulikuwa umepanda mpaka karibu na mfuniko. Nilikata kipande cha moto nikampa. Alitafuna kwa muda mrefu, macho ameyafumba.

"Huu nimeoka mimi," akasema.

"Hapana, mama. Ulikuwa umekaa pale."

"Ninajua nilikokaa. Ninakwambia huu nimeoka mimi."

Nilimkumbatia na unga wangu wote. Kabla sijaondoka alitaka kujua donge zima lilikuwa na uzito gani. Nikajumlisha: karibu kilo moja na gramu mia sita. "Kiro moja na nusu na zaidi," akasema kwa lafudhi yake, akiipokea namba hiyo kama mtu aliyeambiwa umri wake kwa mara ya kwanza. Ukikata vipande vya gramu sitini na tano, nikamweleza, unapata mikate midogo ishirini na nne. Wanawake saba, mara ishirini na nne, ni mia moja sitini na nane. Watoto wangetosheka, na padri angebakishiwa wake.

Alhamisi mchana niliwaita wenzangu kwangu. Niliwaambia kila mmoja aje na kikombe chake kile kile kilichotuaibisha. Mwenyekiti alikuja na glasi yake, akaiweka mezani na kukunja mikono.

"Bibi yangu hakuwa na mizani," akasema, "na sisi tulikula tukakua."

"Mama yangu hana pia," nikamjibu. "Ana mkono. Lakini mkono wake siwezi kuwaletea, na mizani ninaweza."

Akakubali kukaa. Mizani ilikuwa moja na nyumba saba za kuokea, kwa hiyo nilikuwa nimepanga hivi: tupime kila kikombe, na kila mtu aondoke na namba zake mwenyewe. Tulikubaliana namna moja ya kuchota: unga umiminwe kikombeni kwa kijiko, bila kugonga, kisha juu pasawazishwe kwa kisu. Glasi ya mwenyekiti ilichukua gramu mia moja na kumi. Kikopo cha karanga, bila kilima, mia moja na tisini. Na kilima, mia mbili na arobaini. Kikombe kikubwa cha chai, zaidi ya mia mbili.

Mwenyekiti alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Glasi nne," akasema polepole, "ni mia nne na arobaini. Na ulisema unga unatakiwa mia nane?"

"Mia nane na sita."

"Mimi niliweka nusu! Nusu! Nikaona donge limekuwa rojo, nikaongeza na kuongeza, sijui niliongeza mara ngapi, mpaka mkono ukachoka." Akaigeukia glasi. "Kumbe si hamira. Nililaani hamira ya watu bure."

Kuanzia hapo ndiye aliyekuwa mkali kuliko sote. Mtu akisawazisha kwa kidole badala ya kisu, alimrudisha. Mwenye karanga alipojisahau akaweka kilima, walimzomea wote, naye akasema kwamba mkono wa sokoni ni mgumu kuuacha. Tulimwandikia kila mmoja karatasi yake: wewe glasi saba na theluthi, wewe vikopo vinne na robo, wewe vikombe vinne kasoro kidogo. Ndizi tuliamua kuzipima zote hapo kwangu, zimemenywa, na kila mtu akaondoka na za kwake kwenye bakuli lililofunikwa. Nyumba ilijaa kelele na unga. Mume wangu alipotokea mlangoni, aliambiwa avue viatu au arudi shambani. Alirudi shambani.

Tuliamua kuoka siku hiyo hiyo, ili tukikosea tubaki na Jumamosi. Nilikata madonge yangu kwa mizani, sitini na tano, sitini na tano, na wengine waliyafananisha kwa macho na donge la mfano nililowapa. Saa kumi na moja jioni walianza kurudi na masinia yamefunikwa vitambaa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufunua. Mwishowe mwenye karanga akafunua kwa mkupuo, kama anabandua plasta, na sote tukafunua.

Mikate mia moja sitini na nane. Michache ya sinia moja ilikuwa imeungua chini, kwa sababu makaa yalizidi, na mwenyewe alikiri mapema. Mingine yote ilikuwa ya kimo kimoja na rangi moja. Tuliichanganya kwenye beseni kubwa la kufulia, jipya, lililonunuliwa kwa kazi hiyo. Mwenyekiti akasema atautambua wa kwake hata gizani. Alichukua mmoja, akaugeuza, akaunusa.

"Huu."

"Huo ni wangu," akasema mwenye karanga. "Nimeuchoma kwa uma pembeni, tazama."

Akachukua mwingine. Haukuwa wake. Alipojaribu wa tatu akakosa, aliuma kipande kikubwa, akatafuna, akatuangalia mmoja mmoja mdomo umejaa.

"Wa kwangu, wa kwako, yote mitamu," akasema, na akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika barabara kuu.

Jumapili, baada ya misa, watoto walikaa kwenye mikeka nje ya kigango, wasichana na magauni yao meupe, wavulana na mashati yaliyonyooshwa mpaka yanametameta. Kila mtoto alipewa mkate mkononi. Nilikuwa nimezoea watoto wakipewa vitu wakitazamana, nani kapata kikubwa, nani kapunjwa. Siku hiyo walitazamana, hawakuona cha kulalamikia, wakaanza kula. Nilimpigia mama simu nikaiinua juu ili asikie.

"Mbona kimya?" akauliza.

"Wanakula, mama."

Mwenyekiti akaninyang'anya simu. Alimsalimia mama, wakaulizana hali kwa kirefu kama watu waliojuana zamani, kisha akasogea kando. Nilidhani anamshukuru. Nilipokaribia nikasikia anamweleza habari za mkate wa muhogo wa bibi yake, ambao tangu bibi afariki hakuna aliyeweza kuupatia, na kwamba yeye anakumbuka tu kiganja cha bibi na jinsi unga ulivyokuwa unamwagika pembeni.

"Ndiyo mama," alikuwa anasema, akikikunja kiganja chake na kukifungua. "Ndiyo. Nitauchota hivyo hivyo kwanza. Halafu ndiyo nipime."